MFUKO WA NYUMBA: Meli ya Matembezi na Tarehe Zake

Juma hili tumepokea barua ya mama mmoja, mke wa sajini, ambaye jina lake na la kambi yake tumeyahifadhi. Mumewe atastaafu mwishoni mwa mwaka. Binti yao, muuguzi huko Uingereza, ameona tangazo la meli ya matembezi inayozunguka bandari za Bahari ya Kati kwa usiku 7, ikianzia Barcelona, na amekusudia kuwatunza wazazi wake kwa safari hiyo. Yeye atalipa nauli ya melini. Wazazi watajitafutia nauli ya ndege, viza na mengineyo. Wakala amewapa siku nne tu za kutoa arubuni. Mama anauliza: je, achukue fedha katika akiba waliyoiweka kwa ajili ya mabati ya nyumba, kwa matumaini kwamba kiinua mgongo kitakuja kuirudisha?

Jibu letu, Mama, ni kwamba usitoe kitu katika siku hizo nne. Hatusemi hivyo kwa kuidharau zawadi ya mtoto. Mtu aliyekesha malindoni miaka mingi hana kosa akitaka kuiona bahari akiwa amekaa kitini. Lakini haraka hiyo ni ya wakala, wala si yenu. Makampuni ya meli hutangaza nafuu za bei mwaka hata mwaka, hasa baina ya Januari na Machi, na tangazo linalokwisha Ijumaa aghalabu hurudi mwezi unaofuata likiwa limevikwa nguo nyingine.

Kwa wale ambao hawajapata kuisikia habari yake, meli ya matembezi si chombo cha kumvusha mtu kutoka hapa kwenda kule, kama zile zivukazo ziwa. Hutoka bandari moja, ikatia nanga nyingine nne au tano, kisha aghalabu ikarudi pale pale ilipotoka. Abiria hulala na kula humo humo, na mchana hushuka kutembea mjini. Kwa hiyo nauli yake ni kodi ya chumba, chakula na safari kwa pamoja, nayo hutajwa kwa kila mtu kwa kukisia kwamba chumba kimoja kina watu wawili. Mjane au mseja anayesafiri peke yake asishangae akitakiwa kulipa karibu nauli mbili.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Watu wengi wanapopewa karatasi ya safari hiyo huanza kusoma bei. Sisi twasema waanze na tarehe, maana zipo tatu, na fedha za familia hupotea katikati yao.

Ya kwanza ni siku ya kutoa arubuni. Ulizeni kwa maandishi kama arubuni hiyo hurudishwa mtu akiahirisha, kwa sababu katika nauli nyingi za bei nafuu hairudi kamwe. Ya pili ni siku ya kumaliza baki ya nauli, ambayo kwa kawaida huwa kati ya siku 60 na 90 kabla ya meli kung'oa nanga, na makampuni mengine hudai mapema zaidi. Baada ya siku hiyo, anayejitoa hukatwa sehemu inayozidi kukua kadiri safari inavyokaribia, hadi siku za mwisho ambapo haambulii hata senti. Ya tatu ni siku ya kupata viza, na hii haiandikwi katika karatasi ya wakala hata kidogo, kwa sababu wale walioandikiwa karatasi hiyo wengi wao hawahitaji viza.

Pasipoti yetu yahitaji. Kampuni ya meli haitajali kwamba mlinunua tiketi kwa nia njema: asiye na viza ya bandari zote zinazodai viza huzuiwa ngazini, na nauli haimrudii. Barcelona, Marseille, Genoa, Civitavecchia iliyo bandari ya Roma, Naples na Palermo zote zimo katika nchi za Schengen, hivyo viza moja yatosha. Ikiwa meli itatoka kwenda Tunis, kisha ikarejea Hispania au Italia, viza ya kuingia mara moja tu haifai. Hapana budi iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, na masharti ya Tunisia yenyewe yaulizwe kando. Kwa upande wa mashariki, Kroatia imeingia katika Schengen tangu Januari 2023, lakini Montenegro haimo, ijapokuwa meli moja huzitembelea zote mbili katika juma moja.

Maombi ya viza ya Schengen hayapokelewi mapema kuliko miezi 6 kabla ya safari, wala yasicheleweshwe hadi zikabaki siku chini ya 15. Jibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, na mara nyingine huchukua hadi siku 45. Hesabuni basi. Meli ikiondoka mwanzoni mwa Juni, ombi laweza kupelekwa tangu Desemba. Baki ya nauli ikidaiwa siku 90 kabla, tarehe yake huangukia mwanzoni mwa Machi. Baina ya Desemba na Machi mnayo nafasi ya miezi mitatu ya kupata viza wakati fedha iliyo hatarini ni arubuni peke yake. Miezi mitatu hiyo ndiyo usalama wenu. Anayeweka nafasi mwezi Aprili kwa meli ya Juni hana nafasi hiyo hata ya siku moja. Hulipa nauli yote kwanza, kisha huenda kuomba viza huku moyo ukimwenda mbio.

Kwa sababu hiyo hiyo, ule ushauri unaosifiwa sana Ulaya, wa kungoja hadi juma la mwisho ili bei ishuke, kwetu haufai. Chumba kitashuka bei kweli, lakini viza haitapatikana kwa siku tano.

Binti aweza kushauri kwamba heri waanzie Southampton, karibu na nyumbani kwake. Mama, hapo mwambie kwa upole kwamba meli ya Southampton itakayotia nanga Ufaransa, Hispania au Ureno itawadai viza mbili, ya Uingereza na ya Schengen. Ile ya Uingereza haiombwi mapema kuliko miezi 3 kabla ya kusafiri, yaani karibu siku zile zile ambazo baki ya nauli hudaiwa. Tena pasipoti moja haiwezi kukaa katika ofisi mbili kwa wakati mmoja. Inawezekana kufanyika, kwa mfano wazazi wakitangulia kwenda kukaa kwa binti majuma sita kabla ya meli, ili viza ya Uingereza iombwe mapema zaidi. Lakini kwa safari ya kwanza, chagueni meli yenye viza chache kuliko ile yenye bandari nzuri. Ombi la Schengen hupelekwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, na siku zikilingana, kwa ile mtakayoingilia kwanza. Ulizeni mapema kama ubalozi wake unapokea maombi Kampala ama ni lazima yaende Nairobi, maana safari ya Nairobi nayo ina nauli. Naye binti, kama bado anatumia pasipoti ya hapa kwetu, hana budi kujiombea yake huko aliko.

Kwa askari ambaye hajastaafu bado kuna karatasi nyingine mbele ya hizi zote, nayo ni idhini ya wakuu wake ya kutoka nchini. Likizo iliyotajwa kwa mdomo haijawa likizo. Arubuni isitoke mpaka idhini iwe mkononi, na kwa huyu Bwana Sajini lingekuwa jambo la busara kuchagua meli ya miezi kadhaa baada ya kustaafu. Kuhusu kiinua mgongo, msipange tarehe ya kulipa baki kwa fedha ambazo hazijafika benki. Kuna waliokwisha kungoja fedha hizo kuliko walivyodhani, na kampuni ya meli haingoji pamoja nao. Vivyo hivyo mkopo wa chama cha akiba: mkopo wa mbuzi hulipwa na mbuzi, lakini mkopo wa matembezi hulipwa na mshahara mtupu.

Haya, bei nayo tuitazame. Tuseme tangazo limetaja Euro 700 kwa mtu. Kwa wawili ni 1,400. Meli nyingi hutoza ada ya watumishi kila siku kwa kila abiria. Tukikisia Euro 12, kwa usiku 7 na watu wawili ni 168. Ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima imekuwa Euro 90 tangu Juni 2024, nayo hairudishwi ombi likikataliwa. Kwa wawili ni 180, mbali na malipo ya kituo kinachopokea maombi. Bima, tuseme 120 kwa wote wawili. Usiku mmoja wa hoteli Barcelona, 100. Vinywaji na matembezi ya bandarini, kwa watu wenye kiasi, 250. Jumla imekwisha kuwa Euro 2,218, na bado hamjapanda ndege. Mkiongeza nauli ya ndege ya Entebbe hadi Barcelona na kurudi, tuseme 750 kwa mtu, mnafika Euro 3,718, yaani 1,859 kwa kila mmoja. Ile 700 ya tangazo imezaa mara mbili na nusu na ushei. Takwimu hizo za kukisia mbadilishe kwa bei halisi mtakazopewa, lakini msiache mstari hata mmoja. Na mtazame sehemu ya binti ni ipi: katika hesabu hii yeye hulipa 1,400, nanyi mwabakiwa na 2,318. Zawadi hiyo, Mama, yawagharimu wazazi kuliko mtoto. Mwonyesheni hesabu hiyo. Huenda hajui, na akijua huenda akachagua safari fupi zaidi na kuwasaidia katika ndege.

Yapo mahali pa kupunguza. Chumba cha ndani kisicho na dirisha ndicho cha bei ya chini, na kwa watu wanaokwenda chumbani kulala tu hakina ubaya. Anayeogopa kulewalewa kwa mawimbi aombe chumba cha katikati ya meli kwenye sitaha ya chini, ambako mrama hausikiki sana. Miezi ya Julai na Agosti, shule za Ulaya zikiwa zimefungwa, bei hupanda. Mei na Oktoba hushuka. Usiku wa hoteli usipunguzwe. Ndege ikichelewa siku ile ile ya kuondoka, meli huondoka bila ninyi, na mlango wake hufungwa saa moja au zaidi kabla ya kung'oa nanga.

Juu ya ulipaji, binti akinunua huko Uingereza ana faida ambayo ninyi hamna. Akitumia kadi ya mkopo kwa kitu chenye bei inayozidi Pauni 100 na isiyozidi 30,000, sheria ya mikopo ya nchi ile ya mwaka 1974 humfanya mtoa kadi awe mdaiwa pamoja na muuzaji endapo huduma haitatolewa. Basi nauli ya meli na ilipwe na yeye, kwa kadi ya namna hiyo, moja kwa moja kwa kampuni. Ninyi msimpelekee wakala fedha kwa simu kwenye namba ya mtu binafsi, hata akiwa ni jamaa wa kanisani au msikitini. Dai stakabadhi na namba ya nafasi, kisha pigia kampuni ya meli yenyewe uulize kama namba hiyo ipo na majina ni yapi. Majina yawe kama yalivyo katika pasipoti, herufi kwa herufi. Jina la utani la kambini na cheo cha jeshi visiingizwe.

Melini fedha taslimu hazitumiki sana. Abiria hupewa kadi ya chumba, kila soda ikaandikwa humo, na hesabu hutolewa mwishoni. Kadi ya benki ya kawaida ikisajiliwa, meli huweza kuzuia kiasi cha fedha kwa siku kadhaa hata kama hamkukitumia, hivyo isiwe ile kadi ambayo mshahara hupitia. Mashine ikiuliza kama mlipe kwa Euro au kwa shilingi, chagueni Euro. Hesabu ya shilingi hufanywa kwa kiwango cha mwenye mashine. Maji, chai na kahawa za ukumbi wa chakula kwa kawaida ni bure, vinywaji vingine sivyo. Simu ifungiwe mawasiliano mara meli inapoondoka bandarini, kwani mtandao wa baharini hupitia setilaiti na dakika chache huweza kula bei ya mfuko wa saruji.

Bima msiihesabu kuwa karatasi ya ubalozini tu. Viza ya Schengen hudai bima ya angalau Euro 30,000, lakini ulizeni kama inafika baharini, kwa maana daktari wa meli hutoza kila anachofanya, na helikopta ya kumwondoa mgonjwa melini ni ghali mno. Bwana Sajini akiwa na shinikizo la damu au kisukari aseme kweli katika fomu. Bima iliyopatikana kwa kuficha ugonjwa haitalipa ugonjwa huo utakapozuka. Dawa zake zisitiwe katika sanduku kubwa linalochukuliwa na wapagazi bandarini, kwa kuwa huweza kufika chumbani usiku. Pamoja na dawa hizo, mkobani mwake kiwekwe cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho tangu Julai 2016 huhesabiwa kuwa cha maisha. Kama kile cha zamani kimepotea, aanze kukitafuta sasa.