MAMLUKI WA KONGO: KESI YA NDEGE IKASIKILIZWA, YA WATU JE?

Kijana wa Ujiji, siku hewa ikiwa safi shuka mwaloni, simama pale wanapoanika dagaa, tazama magharibi. Ile milima ni Kongo. Ukiifuata pwani yao kwenda kaskazini unafika Baraka, na Fizi iko juu milimani. Huko ndiko walikotoka wengi wa Wabembe unaokaa nao mtaa mmoja.

Neno "mamluki" wewe umelizoea kwenye mikutano ya siasa, watawala wakimtukana aliyehama chama. Hao si mamluki. Nikupe mamluki wa kweli.

Mwaka 1964 Waziri Mkuu wa Kongo, Moise Tshombe, alimkodi mzungu aitwaye Mike Hoare akusanye wazungu wenzake kupigana na Wasimba kwa mshahara. Kikosi chao kiliitwa Komandoo ya 5. Mwaka 1965 vita vikafika ziwani kwetu. Silaha za Wasimba zilipitia Kigoma, na Che Guevara mwenyewe alivukia hapa Aprili mwaka huo. Mwishoni mwa Septemba watu wa Hoare wakashuka Baraka kwa boti.

Wasimba nao hawakuwa malaika. Waliua raia na mateka. Lakini waandishi wa wakati ule waliandika, na picha zikapigwa, mamluki wakiua wafungwa na kupora. Nani alipelekwa mahakamani kwa damu ile? Hoare aliondoka zake, akaandika vitabu!

Sasa sikia kituko. Novemba 1981, akiwa na miaka 62, Hoare alikwenda Shelisheli kumpindua Rais France-Albert René. Watu wake walijifanya chama cha wanywa bia wanaopeleka zawadi kwa watoto, kumbe chini ya midoli mna bunduki. Forodha wakaona bunduki moja, mchezo ukaharibika. Wakateka ndege ya Air India, wakakimbilia Durban. Mwaka 1982 mahakama ya Makaburu ikamfunga miaka 10. Kosa? KUTEKA NDEGE. Mwaka 1985 akatoka, na akafariki 2020 akiwa na miaka 100.

Ndege ilipata mtu wa kuisemea. Maiti wa Baraka hakupata.

Utasema hayo ni ya wazee. Haya, Januari 2025 Goma ilipoanguka mikononi mwa M23, Waromania zaidi ya 280 waliokodiwa upande wa serikali ya Kongo walisalimu amri, wakavushwa Rwanda, wakapanda ndege kurudi kwao. Sisemi waliua raia. Nasema hakuna hakimu aliyewauliza walifanya nini kule kabla ya kufunga mabegi.

Siku hizi mamluki ana kampuni, ana mkataba na mwanasheria. Mahakama ya The Hague inaweza kumshtaki mtu, lakini Mkataba wa Roma wa 1998 hauigusi kampuni. Kampuni ya Blackwater ya Marekani, ambayo walinzi wake waliua raia 17 wa Iraki jijini Baghdad mwaka 2007, ilibadili jina mara mbili. Wanne walitiwa hatiani Marekani mwaka 2014, na Desemba 2020 Rais Trump akawasamehe. Na mwanzilishi wake, Erik Prince? Mwaka 2025 aliripotiwa kukubaliana na Kinshasa asaidie kulinda na kukusanya kodi za madini. Jirani yetu huyo!

Dawa ipo, tena iko Arusha. Mwaka 2014, kule Malabo, Umoja wa Afrika ulipitisha itifaki ya kuipa Mahakama ya Afrika mamlaka ya jinai: kosa la umamluki limo, na kampuni yenyewe inashtakiwa, si kuruti wake tu. Ina doa, maana marais walioko madarakani wamejiwekea kinga humohumo. Hilo tulipinge. Lakini inahitaji nchi 15 kuiridhia, na hadi mwishoni mwa 2024 iliyoridhia ilikuwa Angola peke yake.

Na sisi wenye nyumba? Mahakama iko kwetu, lakini Novemba 2019 Serikali ya CCM ilijiondoa kwenye tamko lililomruhusu mwananchi kwenda pale moja kwa moja kuishtaki nchi yake. Eti mwenyeji anaweka viti sebuleni, kisha anawafungia mlango watoto wake!

Meli ya silaha, boti ya mamluki, mkimbizi mwenye risasi mguuni, vyote hupita ziwa hilihili. Nyarugusu inapokea Wakongo tangu 1996, na ukiwauliza nani aliwachomea nyumba watakujibu. Tatizo ni wapi wakaseme.

Basi mbunge akija Ujiji na fulana zake, pokea fulana, umwulize mbele ya watu: itifaki ya Malabo itaingia bungeni lini, na lile tamko mtalirudisha lini?