Mfalme wa Mwaka Mmoja na Shamba la Yatima



Imepata kutokea mara nyingi duniani kwamba kiti cha enzi humwangukia mtoto. Huko Uingereza, mwaka 1547, Edward wa Sita alirithi ufalme akiwa na umri wa miaka 9. Baba yake alikuwa ameacha wasia uliotaja watu 16 wa kuiangalia nchi kwa pamoja. Hazikupita siku nyingi, mjomba wa mtoto, Edward Seymour, akafanywa Mlinzi wa ufalme, akashika mambo yote. Mwaka 1549 wakulima waliinuka sehemu nyingi, wengine wakilalamikia malisho ya wote yaliyozungushiwa nyua na wenye nguvu. Wenziwe wakamwondoa mjomba, na mwaka 1552 akakatwa kichwa. Mfalme naye alifariki mwaka 1553, hajatimiza miaka 16.

Lakini hatuna haja ya kwenda mbali. Agosti 1897, Kabaka Mwanga wa Buganda alipoondolewa baada ya kuasi, mwanawe Daudi Chwa alitangazwa Kabaka, naye ametimiza mwaka mmoja tu. Siku hizo hata nchi yetu hii ya Bumala, Busia na Malaba ilihesabiwa upande wa Uganda, mpaka tarehe 1 Aprili 1902 ilipohamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki.

Mtoto aliwekewa walezi watatu wa ufalme: Apolo Kagwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri. Mugwanya alikuwa Mkatoliki, wenziwe Waprotestanti, hata hakuna upande mmoja uliotawala pekee. Palikuwa na baraza la Lukiiko. Tena Mkataba wa mwaka 1900 uliandika wazi kwamba ulezi utakoma Kabaka atakapotimiza miaka 18. Siku ilipofika, mwaka 1914, Daudi Chwa alikabidhiwa madaraka yake pasipo vita.

Hayo ni ya kusifiwa. Lakini tutazame na upande wa ardhi. Mkataba ule ule ulimtengea Kabaka maili za mraba 350, na machifu pamoja na wenye mashamba wapatao 1,000 maili za mraba 8,000. Waliogawa ndio hao hao waliogawiwa, na mwenye nchi alikuwa mtoto wa miaka 3. Koo nyingi ziliona ardhi ya makaburi ya wazee wao imeandikwa kwa majina ya wengine. Katika miaka ya 1920 wazee wa koo walimpelekea Kabaka malalamiko yao, naye akawasikiliza. Lakini mwaka 1926 Serikali ya Uingereza ilikataa kuugeuza mgao ule. Kilichogawanywa mtoto akiwa mchanga hakikurudi alipokuwa mtu mzima.

Ndugu wasomaji, katika vijiji vyetu pia wako warithi wadogo. Baba hufa, baba wadogo husema, "Tutawatunzia watoto shamba," na wengi hutunza kwa uaminifu. Taabu huja pale mtunzaji anapokuwa mmoja, mipaka haikuandikwa, wala siku ya kukabidhi haikutajwa. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1981, yaagiza kwamba marehemu asiyeacha wasia akiwa na warithi walio watoto, usimamizi wa mali usipewe mtu mmoja peke yake, isipokuwa Mdhamini wa Serikali au shirika la udhamini.

Basi ukoo ukutane mapema. Wachaguliwe wasimamizi wawili au zaidi, na mjane asiachwe nje. Waende mahakamani wapate hati. Majina ya watoto wote, wa kike na wa kiume, yaandikwe, pamoja na mwaka ambao kila mmoja atatimiza miaka 18. Ninyi makarani mlio katika koo hizo, kazi ya kuandika ni yenu. Msingoje mpaka mti wa mpaka ukatwe.