Mmemnyang'anya Mina Kalamu

Kwenye riwaya ya Dracula, aliyoiandika Bram Stoker mwaka 1897, hakuna sura hata moja inayosimuliwa na Dracula. Kaitazame upya kama huamini. Kuna shajara ya Jonathan Harker, kuna shajara na barua za Mina, kuna barua za Lucy, kuna kumbukumbu ambazo Daktari Seward anazirekodi kwa sauti kwenye fonografu, kuna telegramu, kuna vipande vya magazeti, kuna mpaka daftari la nahodha wa meli. Dracula anaongea, tena kule ngomeni kwake anaongea sana, lakini kila neno lake linatufikia kupitia mkono wa mtu anayemwogopa. Na anayekusanya karatasi zote hizo, akazichapa kwa taipureta na kuzipanga kwa tarehe mpaka wenzake wakaelewa wanapambana na nini, ni mwalimu wa shule mmoja. Ni Mina.

Naanza na hilo kwa sababu ndiyo chanzo cha ugomvi wangu na watu wa televisheni. Kwa karibu miaka 20 sasa wanatuletea tamthilia zilizotokana na hadithi za kutisha za enzi ya Malkia Victoria, yaani kati ya 1837 na 1901, na karibu kila mara wanafanya kosa lile lile. Wanamnyang'anya kalamu aliyeumizwa, halafu wanampa zimwi kipaza sauti. Kisha sisi tunaambiwa tupige makofi, eti hadithi imeendana na wakati.

Hebu tuanze na Dracula ya BBC na Netflix iliyotoka Januari 2020. Sehemu tatu, kila moja kama saa moja na nusu, waandishi wakiwa Mark Gatiss na Steven Moffat, watu ambao huwezi kuwafundisha kazi. Nusu saa ya kwanza ni ya moto. Jonathan Harker amechakaa kama maiti, amekaa kwenye nyumba ya watawa huko Hungary, nzi anatembea juu ya mboni ya jicho lake wala yeye hashtuki, na anamsimulia Sista Agatha yaliyompata ngomeni. Inatisha kwelikweli. Inatisha kwa sababu tunasikiliza ushahidi. Aliyeumizwa anaongea, na anayemsikiliza anajua maswali ya kuuliza.

Baada ya hapo Dracula anakabidhiwa jukwaa. Claes Bang ana umbo, ana sauti, na amepewa utani wote mzuri. Tunapofika sehemu ya tatu, anapoibukia London ya leo baada ya miaka 123, tumeshakuwa washikaji zake. Tunasubiri atasema nini, hatuogopi tena atafanya nini. Ana simu, ana wakili. Mwishoni tunaelezwa kwamba jua halikuwa likimdhuru kabisa, kwamba mambo yote yale ya msalaba na mwanga yalikuwa mazoea yaliyogeuka imani, na kwamba siri yake kubwa ni kuogopa kufa. Maskini Dracula. Mtu ameua kwa karne kadhaa, na mimi huku kwenye kochi natakiwa nimwonee huruma.

Na Mina je? Anaonekana dakika chache kwenye sehemu ya kwanza, basi, imetoka. Lucy, ambaye kwenye kitabu wanaume wanne wanamtolea damu mmoja baada ya mwingine na bado anakufa mbele ya macho yetu, hapa amekuwa binti wa starehe anayemkubali Dracula kwa hiari yake. Nawapa haki yao kwa jambo moja: kumgeuza Van Helsing kuwa sista ni wazo zuri sana, na Dolly Wells amelibeba vizuri. Lakini hata yeye, kadiri saa zinavyosonga, kazi yake inakuwa kukaa mbele ya Dracula ili Dracula apate mtu wa kuongea naye.

Twende kwa Robert Louis Stevenson, mwaka 1886, na kisa cha Daktari Jekyll na Bwana Hyde. Karibu kitabu kizima tunatembea na Utterson, wakili mkimya anayekusanya fununu kuhusu rafiki yake. Hakuna anayeweza kueleza sura ya Hyde ikoje. Kila aliyemwona anajua tu kuna kitu hakiko sawa. Tunaambiwa alimkanyaga mtoto wa kike barabarani akaendelea na safari yake, tunaambiwa alimuua mzee Carew kwa fimbo, na mengine yote tunaachiwa wenyewe. Hata Jekyll anapokuja kuungama mwishoni, anazungukazunguka na starehe zake bila kuzitaja. Stevenson alijua kwamba msomaji atalijaza pengo lile kwa dhambi anazozijua yeye mwenyewe, usiku, akiwa peke yake.

Mwaka 2007 Moffat aliigusa hadithi hii kwenye Jekyll ya BBC, sehemu sita, James Nesbitt akiwa mbele. Hyde wake anatania, anakenua meno, anafurahisha, na nyuma yake kuna kampuni kubwa ya siri inayofuatilia kila hatua. Mwaka 2015 ITV nao wakaleta Jekyll and Hyde ya sehemu 10, safari hii tukiwa na mjukuu wa Jekyll miaka ya 1930, taasisi za siri zikipambana na majitu kila kona. Ilifutwa baada ya msimu mmoja.

Tazama kilichopotea. Stevenson aliuliza: wewe unayejiita mtu wa heshima, ukihakikishiwa kwamba hutakamatwa, ungefanya nini? Tamthilia zote mbili zinauliza: kuna kitu gani kwenye damu ya ukoo huu? Swali la kwanza linanihusu mimi. La pili linahusu familia ya watu wengine, kwa hiyo naweza kula bisi zangu kwa amani.

Sasa tuje kwenye ile inayopendwa, na najua hapa nitagombana na baadhi yenu. Henry James, Mmarekani aliyefanya maisha yake Uingereza, alichapisha The Turn of the Screw mwaka 1898. Mwalimu kijana, ambaye hata jina lake hatupewi, anakwenda kulea watoto wawili kwenye jumba la mashambani liitwalo Bly. Anaanza kuwaona watu wawili waliokufa. Au anadhani anawaona. Mwishoni mtoto Miles anafia mikononi mwake, na wasomaji wanabishana mpaka leo kama mwalimu alikuwa anamwokoa au ndiye aliyemuua.

The Haunting of Bly Manor ya Mike Flanagan, Netflix, 2020, sehemu tisa, imekihamishia kisa hicho mwaka 1987. Humo kila mzimu una wasifu wake. Peter Quint aliteswa utotoni. Mwanamke wa ziwani amepewa sehemu nzima, picha zikiwa nyeusi na nyeupe, ili tuelezwe aliolewa na nani, aliuawa na nani, na kwa nini anatembea usiku. Watoto wote wawili wanapona. Karibu na mwisho mhusika mmoja anatamka kabisa kwamba hii si hadithi ya mizimu, ni hadithi ya mapenzi. Na kweli, kama hadithi ya mapenzi iko vizuri, ilinitoa machozi. Lakini wahenga walishasema, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hawa wa Bly tumejuana nao mpaka basi. Tunajua utoto wao, ndoa zao na majuto yao. Hakuna aliyebaki wa kutula.

Najua nitajibiwa nini. Jibu la kwanza: wewe unataka makumbusho, magauni marefu na mishumaa. Sitaki. Dracula ya 1897 ilikuwa riwaya ya vitu vipya vya wakati wake: taipureta, fonografu, kamera ya Kodak, na kumwongezea mgonjwa damu kabla hata makundi ya damu hayajagunduliwa. Stoker angekuwa hai leo, kitabu kizima kingekuwa kwenye WhatsApp. Kumleta Dracula kwenye London yetu si kosa hata kidogo. Fikiria Mina wa leo, amekaa na simu ya rafiki yake aliyefariki, anafungua ujumbe wa sauti mmoja mmoja, anaulinganisha na risiti za teksi na picha za kamera za mtaani, mpaka saa tisa usiku anaona sura ile ile imejirudia mara ya tano. Hiyo ndiyo Dracula. Wao walikuwa na simu mkononi, wakampa Dracula!

Jibu la pili ni zito zaidi: mbona kiumbe wa Frankenstein anajieleza kwa kirefu kwenye kitabu chenyewe? Ni kweli, na ndiyo maana kwenye Penny Dreadful ya John Logan, iliyorushwa kati ya 2014 na 2016, kiumbe yule aliyeigizwa na Rory Kinnear ni miongoni mwa vitu bora kabisa. Lakini Mary Shelley alikijenga kitabu chake juu ya sauti ile. Malalamiko ya kiumbe aliyetupwa na muumba wake ndiyo hadithi yenyewe. Tena ilitoka mwaka 1818, Victoria mwenyewe hajazaliwa. Stoker, Stevenson na James walichagua njia tofauti, kila mmoja kwa sababu zake. Dawa iliyomponya mgonjwa mmoja humnyweshi wodi nzima.

Sababu ya yote haya haina uchawi. Msimu wa tamthilia unahitaji saa sita, tisa, kumi, wakati kitabu cha Stevenson unakimaliza kwa jioni moja. Ukimya haujazi saa tisa. Wasifu unajaza. Kwa hiyo pale mwandishi alipoacha pengo kwa makusudi, wanamwaga zege.

Lakini inawezekana kufanya vingine, na ushahidi upo tangu Desemba 1976. Mwaka huo BBC ilirusha The Signalman, iliyoongozwa na Lawrence Gordon Clark kutoka kwenye hadithi fupi ya Charles Dickens ya mwaka 1866. Dickens mwenyewe alinusurika kwenye ajali ya treni pale Staplehurst tarehe 9 Juni 1865, ajali iliyoua watu 10, na aliwahudumia majeruhi kwa mikono yake. Kwenye hadithi, mfanyakazi wa reli anayelinda ishara karibu na handaki anamwambia msafiri mmoja kwamba kuna kivuli kinamtokea kabla ya kila janga. Basi. Denholm Elliott anaigiza mtu mwaminifu kazini ambaye ameonywa na hajui ameonywa kuhusu nini, kwa hiyo hana la kufanya. Kibanda, taa nyekundu, waya unaovuma. Haifiki hata dakika 40. Hakuna anayetueleza kivuli kile ni cha nani wala kilikulia wapi. Tunabaki na yule aliyekiona, na uso wake unatosha.

Mtu atasema, jamani, si tamthilia tu hizi? Mimi ni mwandishi wa habari, na hapo ndipo nisipoweza kunyamaza. Kazini kwetu tunaujua mtego huu. Yakitokea mauaji, siku ya kwanza tunaandika jina la aliyeuawa. Siku ya tatu chumba cha habari kinauliza: muuaji ni nani hasa, amekulia wapi, mama yake anasemaje, picha yake ipo? Wiki ikiisha, muuaji ana maisha kamili kwenye kurasa zetu, na marehemu amebaki na umri na mtaa. Hakuna aliyekaa kikao akapanga hivyo. Ni kwamba muuaji anasomwa. Na dada wa marehemu, aliyekuja na bahasha ya meseji alizozihifadhi, anaambiwa arudi kesho.

Vitabu hivi vya karne ya 19, pamoja na ubaguzi na mapungufu yao mengi, vilimpokea yule dada, vikamkalisha na kumwacha aongee mpaka mwisho. Carmilla ya Sheridan Le Fanu, ya mwaka 1872, inasimuliwa na Laura, msichana aliyenyonywa damu. Si Carmilla anayesimulia. Dracula inaandikwa na watu wanaoandika kwa sababu wasipoandika hakuna atakayewaamini. Tukimfanya zimwi kuwa mzungumzaji wetu mkuu kila msimu, tunajizoeza kumsikiliza anayedhuru kwanza, na kumwona aliyedhurika kama mtu wa kupita kwenye hadithi ya mwenzake. Mazoea hayo hayaishii kwenye skrini.

Basi ikitangazwa Dracula nyingine, na itatangazwa tu, usianze kuuliza nani ataigiza Dracula. Uliza nani ataigiza Mina, na amepewa dakika ngapi. Kwa wanaoandika hizo tamthilia, sina ombi kubwa. Nusu saa ile ya kwanza ya Januari 2020, Jonathan akiongea na sista akimhoji, inaonyesha kazi hii mnaiweza. Mkianza tena, anzeni pale pale, na safari hii msiondoke.