Uhuru wa Mwaka 196

Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipata uhuru, na posta ikatoa stempu za kuadhimisha siku hiyo. Ile ya senti 30 ina bendera mpya na maandishi UHURU 1961. Lakini zipo chache ambazo tarakimu ya mwisho haikutokea. Zinasomeka UHURU 196. Stempu hizo zilichapwa Uingereza, na leo katalogi ya Stanley Gibbons ya huko huko inaipa yenye kosa bei kubwa kuliko iliyo sahihi. Kosa lilitokea kwao, na bei inapangwa kwao.

Sina ugomvi na katalogi. Wao wamefanya kazi yao. Ugomvi wangu ni na sisi vijana tuliosoma, tunaolalamika kila siku kwamba historia yetu imeandikwa na wageni, huku nyaraka ndogo kuliko zote, zilizopita mikononi mwa bibi na babu zetu, tumewaachia wageni hao hao wazisome.

Wenzangu wa uzamili hapa Arusha wakisikia neno stempu hucheka. Eti ni mchezo wa wazungu wastaafu. Basi twende Zanzibar, mwaka 1895. Visiwa vilikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza, na havikuwa na stempu zao. Zikachukuliwa stempu za India, zikagongwa neno Zanzibar juu yake katika kiwanda cha gazeti la serikali, Zanzibar Gazette. Herufi zilipangwa kwa mkono, na katika baadhi ya stempu tunasoma Zanzidar. Wakusanyaji wanaihesabu herufi hiyo d kama dhahabu. Mimi ninaona mtu kazini, anayeharakishwa kuandika jina la nchi juu ya stempu ya nchi nyingine. Kosa lake linatuambia kuhusu utawala ule jambo ambalo stempu iliyonyooka inalificha. Huo nao ni mchezo wa wastaafu?

Kazi yenyewe inahitaji akili. Ukikuta stempu yenye dosari, uliza kwanza kama dosari inajirudia. Kasoro iliyo kwenye bamba la kuchapia hutokea mahali pale pale kwenye kila karatasi kubwa ya stempu; punje ya vumbi huharibu moja au mbili, ikapotea. Kisha tazama kama kuna mkono wa mlaghai. Tarakimu inaweza kukwanguliwa kwa wembe, lakini chini ya lenzi nyuzi za karatasi zilizonyanyuka humuumbua. Halafu linganisha na iliyo kamili. Stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika za mwaka 1935 zina jahazi katika Ziwa Victoria: katika baadhi, kamba imefika kwenye tanga, katika nyingine, imeishia hewani. Tofauti za namna hiyo husaidia kujua stempu ni ya toleo gani, na barua isiyo na tarehe ikaanza kupata umri. Darasani tunayaita haya uhakiki wa vyanzo, tena kwa majina marefu.

Wapo pia wanaozipenda stempu kwa bei tu, na hao wananiudhi zaidi kuliko wanaocheka. Kwa ajili yao, bahasha za zamani huchanwa, kipande chenye stempu kikauzwa kwa watalii pamoja na vinyago, na barua ikatupwa. Lakini stempu iliyong'olewa imepoteza muhuri wa posta, jina la mpokeaji na safari yake yote.

Fikirini miteremko ya Meru. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru kwa nguvu katika ardhi yao ya Ngare Nanyuki, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda New York kuwasilisha malalamiko yao Umoja wa Mataifa. Barua za posta za miaka ile zilibandikwa stempu zenye kichwa cha Mfalme George VI. Kama zipo zilizobaki, zimo kwenye masanduku ya bati chini ya vitanda vya wazee, katika nyumba ambazo wajukuu wanasafisha ili wapake rangi.

Kwa hiyo ninawaambia wajukuu wenzangu: msichome wala msichane. Ombeni ruhusa ya wazee, piga picha bahasha mbele na nyuma, andika ilikokutwa na ya nani, kisha ndipo uchukue lenzi. Na ninyi walimu wa historia wa vyuo vyetu, wekeni bahasha moja mezani, muwaulize wanafunzi inawaambia nini kabla hawajafungua kitabu. Hilo halihitaji ufadhili wa mtu yeyote.