Bibi alitufundisha kwa mikono

Ndugu mwandishi, hapo uliposema watoto wafundishwe lishe kwa mabango, nakupinga kidogo. Mimi nimekulia Sola, Maswa, katika mkoa wa sasa wa Simiyu. Bibi alitufundisha kwa mikono: kukata viazi vitamu na kuvianika viwe michembe, kuchuma majani ya kunde na kuyakausha yawe nsansa ya kiangazi. Ng'ombe hawakuingia ngitili, yaani malisho yaliyotengwa kwa ajili ya kiangazi, mpaka nyasi za kwingine ziishe, na humo ndimo tulimookota matunda ya ukwaju na furu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza 1986 tukiwa bado mkoa wa Shinyanga, ulirudisha miti kwa kufufua ngitili hizo hizo. Na wewe mchangiaji uliyeandika hapo juu kwamba michembe ni chakula cha njaa, mpe mwanao pamoja na karanga uone anavyoshiba. Walimu wa Simiyu, wapelekeni watoto ngitili kabla hazijalimwa pamba zote.