Wastani Peke Yake Hauihukumu Shule

Kila matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, mjadala huzuka upya Garissa, Wajir na Mandera, nao aghalabu huanza na kumalizika kwa tarakimu moja tu: wastani wa shule. Shule iliyopata alama saba husifiwa, iliyopata alama tatu hulaumiwa, na mwalimu mkuu wake huitwa kujieleza mbele ya wazazi waliokwisha kumhukumu. Ni wachache wanaouliza alama hizo tatu zilipatikana katika hali gani. Hoja ya makala haya ni kwamba wastani usioambatana na hali ni nusu ya habari, na nusu ya habari ikitumiwa kutoa hukumu huzaa dhuluma. Hata hivyo, hali nayo sharti ihesabiwe kama inavyohesabiwa alama, la sivyo itageuzwa kuwa kichaka cha wazembe.

Jambo hili limechunguzwa kwa makini zaidi na watu wa michezo kuliko sisi watu wa elimu. Wapenzi wa krikiti wanakumbuka Februari 29, 1996, mjini Pune nchini India, Kenya ilipoishinda West Indies katika Kombe la Dunia. Katika mikimbio 166 ya Kenya, mpigaji aliyeongoza, Steve Tikolo, alipata 29 pekee. Ukiitazama 29 peke yake katika kitabu cha takwimu, utaipita bila kusimama. Lakini wapinzani wote kwa pamoja walimaliza na mikimbio 93. Siku hiyo, dhidi ya timu ile, 29 ilikuwa na uzito ambao mia moja za siku nyingine hazina.

Wamarekani wameliendeleza wazo hilo katika mchezo wao wa besiboli, ambao ni kama binamu wa krikiti. Hapo zamani walimpima mpigaji kwa wastani wake tu, yaani mara alizofaulu katika kila majaribio elfu. Ted Williams alifikia 406 mwaka 1941, na hakuna aliyefikia 400 katika ligi zao kuu za zama hizo tangu wakati huo. Lakini wastani huo hausemi mpigaji alifaulu wakati gani. Je, wenzake walikuwa wamesimama katika vituo wakingoja kupigiwa mpira ili wakimbie nyumbani, au uwanja ulikuwa mtupu? Je, walikuwa wametolewa wangapi kati ya watatu wanaoruhusiwa kabla ya zamu kwisha? Ukijumlisha namna zote za vituo kujaa au kuwa vitupu, pamoja na idadi ya waliotolewa, unapata hali 24. Mwaka 1963, Mkanada George Lindsey alichapisha hesabu ya mikimbio inayotarajiwa katika kila hali. Vituo vikiwa vitupu na wawili wametolewa, timu hutarajia takriban sehemu moja ya kumi ya mkimbio. Vituo vikijaa na hakuna aliyetolewa, hutarajia zaidi ya miwili. Kwa hiyo, mpigaji haulizwi alileta mikimbio mingapi tu, bali alileta mingapi kuliko ile iliyotarajiwa katika hali aliyoikuta.

Swali hilo hilo ndilo tunalopaswa kuiuliza shule. Shule ya kitaifa iliyopokea watahiniwa waliopata zaidi ya alama 400 kati ya 500 katika KCPE, na miaka minne baadaye ikawapa wastani wa B, imekuta vituo vimejaa. Shule ya kutwa iliyoko mbali na barabara ya lami, iliyopokea watoto wa alama 180 na ikawafikisha C, imeanza uwanja ukiwa mtupu. Kwa wastani, ya kwanza imeipita ya pili kwa mbali. Kwa kazi iliyofanyika darasani, yamkini ya pili ndiyo iliyostahili vifijo.

Hali za Kaskazini Mashariki hazihitaji kubuniwa. Mtoto wa huku huzungumza Kisomali nyumbani, akasoma Kiswahili kama lugha ya pili au ya tatu, kisha akaulizwa maswali ya fizikia kwa Kiingereza. Mvua zikikosekana, kama zilivyokosekana kwa misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020, mifugo hufa, karo hukosekana, na familia huhama na watoto wao kutafuta malisho. Mvua zikizidi, kama Novemba 2023, barabara ya Garissa hukatika na chakula cha shule hukwama njiani.

Kisha kuna jeraha lililo zito kuliko yote. Novemba 22, 2014, abiria 28 wa basi lililotoka Mandera waliuawa, walimu wengi wakiwa miongoni mwao. Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, wengi wao wanafunzi, na masomo ya chuo hicho hayakurejea hadi Januari 2016. Januari 2020, walimu watatu waliuawa Kamuthe, na Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji. Hakuna mwenye utu atakayewalaumu walioondoka. Lakini mtahiniwa aliyebaki na kitabu cha kemia bila mwalimu wa kemia aliufanya mtihani ule ule, siku ile ile, na mwenzake wa Nairobi mwenye mwalimu na maabara. Wastani wa shule yake ulipochapishwa, haukuandikwa pembeni kwamba mwalimu hakuwepo.

Hata hivyo, msomaji asije akadhani kwamba kila anayetaja hali amesema kweli. Wataalamu wa besiboli waliwahi kuamini kwamba kuna wapigaji wenye kipaji cha pekee cha kung'ara wakati wa shida. Mwaka 1977, Dick Cramer alilinganisha takwimu za msimu mmoja na za msimu mwingine, akaona kwamba waliong'ara hivyo mwaka huu hawakuwa lazima ndio wenye kung'ara mwaka uliofuata. Fursa za namna hiyo ni chache kwa kila mchezaji, na idadi ndogo hudanganya.

Sisi nasi tunadanganywa hivyo hivyo. Tuseme shule ina watahiniwa 20 na wastani wa alama 4. Wanafunzi wawili ambao wangepata 4 wakipata 11 badala yake, jumla hupanda kutoka 80 hadi 94, na wastani hufika 4.7. Wawili hao hao wakiwa katika shule ya watahiniwa 240, wastani hupanda hadi 4.06 tu. Shule ndogo hupanda na kushuka kwa sababu ya watoto wawili, nasi tunamvika mwalimu mkuu taji mwaka huu na kumvua mwaka ujao. Basi wastani wa mwaka mmoja wa shule ndogo usitumiwe kumpandisha wala kumshusha mtu yeyote. Angalau miaka mitatu ijumlishwe pamoja.

Wala kuficha matokeo si dawa. Mwaka 2014 waziri wa elimu wa wakati huo, Jacob Kaimenyi, alipiga marufuku uorodheshaji wa shule, lakini wazazi na magazeti waliendelea kujitengenezea orodha zao. Watu hawaachi kuhesabu kwa kuwa wamekatazwa. Huhesabu vibaya zaidi.

Njia iliyo bora ni kuchapisha mengi zaidi. Kando ya wastani wa kila shule yawekwe mambo manne: alama ambazo wanafunzi waliingia nazo, idadi ya walioanza na idadi ya waliofika kwenye chumba cha mtihani, walimu waliokuwepo katika kila somo na kwa miezi mingapi, na siku ambazo shule ilifungwa kwa ukame, mafuriko au usalama. Jambo la pili lisipuuzwe, kwa maana ipo njia rahisi ya kupandisha wastani, nayo ni kuwaondoa wanyonge kabla ya mtihani. Msichana aliyeozwa na mvulana aliyerudishwa kuchunga ngamia hawaonekani katika wastani wowote. Kwa kuwa KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na mtaala mpya umeleta tathmini zake, huu ndio wakati wa kuamua ni mambo gani yatakayoandikwa, kabla mazoea ya zamani hayajahamia katika mfumo mpya.

Takwimu hizo zitamlinda mwalimu mwenye bidii, na zitamfichua mzembe pia. Shule mbili zilizopokea watoto wa alama sawa, katika ukame ule ule na kwa upungufu ule ule wa walimu, zikipata moja 5 na nyingine 2, mwalimu mkuu wa ile ya pili hataweza kuusingizia ukame. Hivyo hali ikishahesabiwa haiwi kisingizio tena.

Kwa wanafunzi nina neno moja. Cheti chenu hakitaandikwa habari za mafuriko wala za mwalimu aliyehamishwa. Mwajiri ataiona gredi tu. Kwa sababu hiyo msilegeze kamba. Lakini wale wanaowahukumu walimu wenu na kugawa fedha za shule zenu wana wajibu wa kujua mlianzia wapi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nao wanaoketi Nairobi wakisoma tarakimu hawatawajua kunguni wa Garissa wasipoandikiwa.