Afya ya Mwanamke Haikomi na Uzazi

Katika mwambao wa Tanga, tangu Moa hadi Pangani, ajuza akianza kusahau njia ya kisimani au jina la mjukuu wake, husemwa kuwa amerukwa na akili kwa uzee, ama amepagawa. Hufichwa chumbani, na pengine hupelekwa kwa mganga wa pepo kabla ya kufikishwa Bombo. Wala maneno hayo si ya wasiosoma peke yao. Hata maofisini husikika.

Kusahau kwa kiasi hicho ni maradhi ya ubongo. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, mwaka 2009 na 2010, miongoni mwa wazee wapatao 1,200 wenye miaka 70 na zaidi, ulikadiria wagonjwa kuwa asilimia 6.4. Duniani kote wanawake ndio wengi zaidi. Kuishi kwao miaka mingi kuliko wanaume ni sababu mojawapo, lakini wataalamu huitazama pia homoni ya estrojeni, ambayo kazi yake haiishii katika uzazi: huzisaidia chembe za ubongo kutumia sukari na kuunganika. Hedhi ikomapo, kwa kawaida kati ya miaka 45 na 55, homoni hiyo hupungua sana. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2007 uliwaona wanawake walioondolewa ovari kabla ya umri huo kuwa hatarini zaidi.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba dawa ni kumeza homoni. Mwaka 2003 ilibainika huko huko Marekani kuwa wanawake wa miaka 65 na zaidi waliopewa estrojeni pamoja na projestini walipatwa na maradhi haya maradufu ya wenzao. Wala mwalimu wa miaka 50 anayepotewa na majina ya wanafunzi asiitwe mgonjwa. Usahaulifu wa kipindi hicho aghalabu hupita.

Dosari iko kwingine. Mja mzito ana kliniki yake, kadi yake na siku zake. Akishakoma kuzaa, zahanati haina la kumwuliza, ingawa Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu 2003. Hapana budi aulizwe hedhi ilikoma lini, apimwe shinikizo la damu na sukari, ambavyo navyo huharibu ubongo. Daktari wa upasuaji naye afikiri mara mbili kabla ya kuondoa ovari zisizo na ugonjwa. Na maafisa ustawi wa jamii wabishe hodi katika nyumba walimofichwa wale ajuza.